Eurovision, Sabato na bendi iliyojitoa

Mapema mwaka 2019, Bendi ya Shalva, kundi la wanamuziki wenye ulemavu kutoka Israel, ilidhaniwa ingeshinda mchujo wa kuiwakilisha nchi hiyo kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo yanayosimamiwa na Muungano wa Utangazaji wa Ulaya, EBU. Ikajitoa kabla ya fainali ya mchujo wa nyumbani. Baadhi ya wanabendi wanashika Sabato, ilhali kila mshindani wa fainali ya Eurovision hutakiwa kupanda jukwaani Ijumaa usiku kwa mazoezi ambayo majaji huyatolea alama. EBU haikukubali kuwasamehe.

Kwa Myahudi mshika dini, Sabato huanza jua linapotua Ijumaa na kwisha giza linapoingia Jumamosi. Katika muda huo hawashi taa, hapandi gari, hashiki maikrofoni. Jukwaa la televisheni lina vyote hivyo.

Wanaoitetea EBU wana hoja nzito. Mwaka ule zilishiriki nchi 41. Majaji wote wanapotazama maonyesho yaleyale usiku mmoja, hakuna wa kulalamika kwamba mwenzake alipendelewa. Na ukimsamehe mmoja, wa dini nyingine naye atakuja na siku yake. Wanasiasa wa vyama vya kidini nchini Israel walilalamika pia kwamba maandalizi ya Tel Aviv, mji ulioandaa Eurovision mwaka huo, yatavunja Sabato, na hapo niko upande wa watangazaji. Wanasiasa wale walitaka siku yao ya ibada iwafunge hata mafundi na wasanii wasioishika.

Ombi la Shalva halikuwa hilo. Hawakutaka ratiba ya mtu mwingine iguswe. Walitaka nafasi ya kushindana bila kuvunja Sabato yao. Fainali yenyewe, Jumamosi saa 4 usiku kwa saa za Israel, wangeimba bila shida, maana Sabato ingekuwa imeshaisha. Kikwazo kilikuwa mazoezi. Mwishowe walialikwa kuimba kama wageni kwenye nusu fainali ya pili, Alhamisi. Ni heshima, lakini mgeni hapigiwi kura.

Je, kuwasamehe mazoezi kusingewezekana? Miaka miwili baadaye, Eurovision ilipofanyika Rotterdam, kila nchi ilitakiwa kurekodi onyesho lake mapema kwa sababu ya Uviko-19. Mwanabendi mmoja wa kundi la Iceland, Daði og Gagnamagnið, alipokutwa na virusi, kundi halikupanda jukwaani kushindana. Ikarushwa video ya mazoezi yao, majaji wakatoa alama, watazamaji wakapiga kura, Iceland ikashika nafasi ya 4. Ni kweli ile ilikuwa dharura, na ugonjwa hauchaguliwi. Lakini baada ya Rotterdam sioni tena namna ya kudai kwamba rekodi inaharibu usawa. Yanabaki gharama na usumbufu, mambo yanayoweza kupimwa.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilipima jambo la jinsi hii, Waadventista Wasabato walipolalamikia masomo na mitihani ya Jumamosi shuleni. Iliona kwamba kanuni moja kwa wote inaweza bado kumbagua anayeshika Sabato, na kwamba wenye mamlaka wanapaswa kutafuta njia ya kumpa nafasi. Nadhani kipimo hicho kinawafaa pia watangazaji.

Ugumu unabaki kwenye jiografia. Liverpool mwaka 2023, fainali ilianza saa 2 usiku na jua la Mei bado liko juu, kwa hiyo msamaha wa mazoezi peke yake usingetosha. Hata hivyo kipindi hudumu karibu saa 4, na tangu 2013 watayarishaji ndio wanaopanga nani aimbe lini. Mshika Sabato anayeiandikia EBU malalamiko aombe mambo hayo mawili tu: rekodi kwa ajili ya majaji na nafasi ya mwishoni. Wakikataa, wamweleze kila moja lingewagharimu nini.