Mchoro Safi Kuliko Kazi Yenyewe

Wiki iliyopita nilialikwa kukagua kazi za wanafunzi wa ufundi hapa Mtwara, na hasira niliyorudi nayo bado haijapoa. Kijana mmoja alikuwa ametengeneza mashine ya mkono ya kubangulia korosho, na ripoti yake ilikuwa na mchoro uliokubaliana na mashine hiyo mpaka milimita ya mwisho. Hata hivyo, katikati ya mkono wa kukandamizia palionekana mshono wa kuchomelea, uliosawazishwa kwa grenda na kufunikwa kwa rangi ya kijani. Nilipomuuliza kama mkono ule ulirefushwa, alimtazama kwanza msimamizi wake, kisha akajibu, "Hapana, mzee, uko kama ulivyo kwenye mchoro."

Msimamizi alipokwenda meza nyingine, kijana alinieleza ukweli, nao ulikuwa mtamu kuliko ripoti nzima. Mkono wa kwanza ulikuwa mfupi, na akina mama waliomjaribishia walichoka mapema, kwa hiyo akaurefusha; nguvu ilipozidi, visu vikaanza kupita kwenye ganda na kuvunja kiini, ndipo akachomelea kizuizi kidogo chini ya mkono ili usishuke kupita kiasi. Kila mtu wa huku anajua kwamba kiini kizima na kiini kilichovunjika havina bei moja, kwa hiyo kizuizi kile, ambacho ukubwa wake haufiki kidole gumba, ndicho kilichoifanya mashine iwe na maana. Katika ripoti hakikuelezwa hata kwa mstari mmoja. Aliagizwa achore upya mchoro wa awali ili ionekane kwamba alipatia tangu siku ya kwanza. Hongera kwetu walimu: tumemfundisha kijana kuuficha ujuzi wake kana kwamba ni aibu.

Anayebadilisha kitu anapaswa kuandika, siku hiyohiyo, alichokiona, alichokipima, njia nyingine alizozifikiria na kwa nini aliziacha. "Niliona ni bora" si sababu. Sababu ni kuhesabu viini vizima katika kilo moja ya korosho kabla ya kizuizi, kisha kuhesabu tena baada yake, kwa korosho za daraja lilelile, maana korosho kubwa na ndogo hazibanguliki sawa katika nafasi moja ya visu.

Wanaoona huu ni urasimu wa karatasi wasome habari za hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, ambako mwezi Julai 1981 njia za juu za kupitia watu zilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulitaka fimbo ndefu za chuma zishike njia mbili zilizopangwa juu na chini. Wakati wa utengenezaji kila fimbo ikagawanywa kuwa mbili, na kwa badiliko hilo viungo vya njia ya juu vikabeba takriban mara mbili ya mzigo uliokusudiwa. Hakuna aliyepiga hesabu upya. Hata kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001 cha mwaka 2015, kinataka mabadiliko ya usanifu yahifadhiwe kwa maandishi, pamoja na idhini yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwanafunzi ana muda mfupi, na kwamba mabadiliko mengine hayatokani na fikra yoyote bali na duka la vyuma kuishiwa. Sawa, basi na hilo liandikwe: "Bomba la mraba la unene niliotaka halikupatikana, nimechukua nene zaidi, uzito umeongezeka, nimeongeza mguu mmoja ili mashine isiyumbe." Mwanafunzi atakayeniletea sentensi hiyo kwa mwandiko mbaya, kwenye daftari lenye madoa ya grisi, nitampa alama zake zote.