Wameacha kukuza hadubini, wamekuza ubongo

Kazi yangu ni kutazama mikojo. Nasema bila ya haya, kwani hapa Pemba kichocho kimewasumbua watoto wetu miaka mingi, na yai lake haliwi wazi ila kwa anayekaa na hadubini kwa subira. Mkojo unachujwa, kichujio kinalazwa juu ya kioo, nazungusha skrubu taratibu mpaka picha inatulia, kisha natafuta. Siku moja tulikwenda skuli moja nje kidogo ya Chake Chake, mtoto wa darasa la nne akaniomba achungulie. Akanyamaza, kisha akauliza, "Daktari, mbona lina mwiba?"

Ndivyo lilivyo. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mmoja nchani, na urefu wake ni kama sehemu ya saba ya milimita. Sasa linganisha. Pale seli moja ya neva inapopeleka ujumbe kwa jirani yake, kwenye sinapsi, kuna mwanya wa nanomita 20 hivi (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita). Mianya kama hiyo 7,000 ukiipanga kwa safu ndiyo itafika urefu wa yai lile. Hadubini ya mwanga ya kawaida haifiki huko hata ukiisafisha vipi. Vitu viwili vikikaribiana chini ya nanomita 200 hivi, inavichanganya vikawa doa moja. Kioo hakina kosa, mwanga wenyewe ndio ulivyoumbwa.

Kwa hiyo waliotaka kuchora ramani ya ubongo walikimbilia hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga. Mwaka 1986 Waingereza walitoa ramani ya neva za mnyoo mmoja mdogo mwenye nyuroni, yaani seli za neva, 302, kazi iliyowala zaidi ya miaka kumi. Oktoba 2024 ukaja ubongo mzima wa nzi wa matunda, nyuroni 139,255. Aprili 2025 Wamarekani wa mradi wa MICrONS wakaonesha milimita moja tu ya ujazo kutoka ubongo wa panya, sehemu inayoshughulikia kuona. Waliikata vipande karibu 28,000, vyembamba kuliko unavyoweza kufikiri, wakikesha siku 12 kisu kisisimame. Ndani ya kipande hicho, kidogo kama punje ya mchanga, mna sinapsi zaidi ya milioni 500. Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliandika mwaka 1979 kuwa kudai mchoro kamili wa kipande cha ukubwa huo ni kudai lisilowezekana.

Watu wa kompyuta wanahusika vipi? Mradi ule tangu mwanzo ulilipiwa na wakala wa utafiti wa idara za kijasusi za Marekani, na lengo lilitajwa wazi: kujua ubongo unavyojifunza ili mashine nazo zifunzwe vizuri zaidi. Si ndoto mpya. Watafiti Hubel na Wiesel walichunguza ubongo wa paka tangu miaka ya 1950, wakaona seli zinazoitika mistari tu, na nyengine zinazoyakusanya ya zile za chini. Fukushima wa Japani akajenga programu ya kompyuta juu ya wazo hilo mwaka 1980, na humo ndimo ilimotoka njia ambayo simu yako inatambua uso wako leo. Akili unde, basi, imeshawahi kusoma kwenye ubongo wa mnyama. (Nasema unde, ya kuunda. Wengine wanasema mnemba, lakini kwetu Mnemba ni kisiwa.)

Ila habari iliyonigusa mimi si ya hadubini za elektroni. Ni ya pampasi.

Kila aliyelea mtoto anajua. Pampasi ikitumbukia kwenye beseni la maji, inavimba, na ukiipasua zinamwagika chembe zinazong'aa, laini kama halua ya Wete kabla haijapoa. Dawa ile ni poliakrileti ya sodiamu. Mwaka 2015 mtafiti Ed Boyden na wenzake pale chuo cha MIT, Marekani, walichukua kitu cha aina hiyo hiyo, wakakipenyeza ndani ya ubongo uliokwishahifadhiwa kwa dawa, wakazishikiza molekuli kwenye jeli, kisha wakatia maji. Jeli ikavimba upande wote sawasawa, na ubongo ukatanuka nayo zaidi ya mara nne. Vilivyokuwa vimebanana vikaachana. Mei 2025 watafiti wa Austria pamoja na Google wakatangaza njia ya LICONN: wanatanua mara 16 hivi, halafu wanafuata waya za neva moja moja na sinapsi zake kwa hadubini ya mwanga.

Tangu Golgi na Cajal, waliozitazama seli za neva kwa hadubini karne ya 19, tumekuwa tukidai kioo kikali zaidi, hawa wakaiacha hadubini wakakigeukia kinachotazamwa. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko hesabu zote za panya. Hadubini waliyotumia haifanani na yangu ya mezani, ina leza na kamera za fedha nyingi. Hata hivyo ni jamaa yake. Kijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, aliyezoea kupaka rangi vioo vya malaria anaweza kuielewa na kuifanyia kazi, na natamani chuo chetu kianze kuwafundisha vijana kutanua vipande, hata vya ini la kuku, kabla njia hii nayo haijawa ya wachache.

Tena sisi wa visiwani tuna haja yetu humo. Ubongo wa mtu, wenye nyuroni bilioni 86 hivi, unaendeshwa kwa wati 20 tu, nusu ya glopu ya zamani ya wati 40. Mitambo ya akili unde inakula umeme wa mji. Unguja walikaa gizani miezi 3 tangu Disemba 2009, baada ya umeme wa chini ya bahari kukatika, na sisi Pemba waya wa kutoka Tanga tumeupata 2010, kabla yake tulitegemea majenereta. Nikisikia mashine kubwa zaidi zinajengwa, nauliza nani atazilisha. Huenda siri ya wati 20 imo kwenye zile sinapsi, na ndiyo ningependa itafutwe kwanza.

Hata kuzichora, mashine peke yake haiwezi. Kompyuta inafuata nyuroni kipande kwa kipande, lakini mara inaunganisha mbili zisizohusiana, mara inakata moja katikati. Ramani ya nzi ilisahihishwa na mamia ya watu, wengine si wanasayansi kabisa, wenye macho na moyo tu.

Mtoto yule hakuondoka baada ya kuuliza mwiba. Alirudisha jicho, akakaa, nami nimeshaandika "yai 1" nikinyoosha mkono kutoa kioo. "Ngoja Daktari, lipo jengine huku pembeni." Nikainama nikatazama. Nikafuta, nikaandika 2.