Maili za Kiti Kabla ya Pointi za Kadi

Binamu yangu anayeishi Marekani hunitumia video za watu wanaozunguka dunia kwa pointi za kadi ya mkopo, yaani alama za zawadi ambazo benki humpa mteja kila anapolipa kwa kadi na ambazo hubadilishwa kwa tikiti, na kila mara huniuliza kwa nini mimi niliye Amu, kisiwani Lamu, bado nalipa nauli yote kutoka mfukoni. Nimejaribu. Nilichukua kadi ya benki moja hapa nchini, nikaitumia kwa miaka miwili, kisha nikairudisha, na maoni yangu leo ni kwamba wengi wetu tunaoishi kisiwani tunaikimbilia zawadi isiyotufaa huku tukiiacha ile ambayo tayari ni haki yetu: maili za kiti, yaani pointi ambazo kampuni ya ndege humpa abiria kwa safari anayoifanya.

Ifahamike kwanza pointi hizo hulipwa na nani. Mteja anapolipa kwa kadi, mwenye duka hukatwa sehemu ya mauzo yake, na katika makato hayo benki iliyotoa kadi hupata fungu lake. Ni fungu hilo, pamoja na ada na riba za wenye kadi, linalogharamia pointi. Nchini Marekani fungu hilo kwa kadi za mkopo mara nyingi hukaribia asilimia 2, ndiyo maana benki za huko humudu kumpa mteja mpya makumi ya maelfu ya pointi kwa mpigo. Umoja wa Ulaya uliliwekea kikomo cha asilimia 0.3 kwa sheria ya mwaka 2015, na zawadi zikapungua. Kwa hiyo yale ya kwenye video ni ya soko jingine.

Hapa Amu kadi yenyewe haina pa kutumika. Nahodha wa boti ya Mokowe, muuza samaki, mwenye punda wa kubeba mawe, wote hupokea noti au M-Pesa. Nilikwenda kununua feni kwa mwenye duka mmoja wa Langoni ambaye ana mashine ya kadi kwa ajili ya wageni, aliitoa chini ya meza, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kikoi, akaniambia, "Mwanangu, kwa mashine naongeza asilimia tatu. Kwa M-Pesa ni bei tuliyopatana." Pointi ambazo ningepata zisingefidia hata nusu ya nyongeza hiyo.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Tuseme tikiti inauzwa shilingi 62,000, na kampuni ya ndege iko tayari kukupa kiti hicho kwa pointi 40,000, lakini kodi na ada za shilingi 18,000 utalipa mwenyewe, maana tikiti ya pointi mara chache huwa ya bure kabisa. Umeokoa shilingi 44,000, kwa hiyo kila pointi imekufaa shilingi 1.10. Ikiwa kadi inatoa pointi moja kwa kila shilingi 100, itakubidi utumie shilingi milioni nne kabla ya kupata kiti hicho. Na ukibakisha deni la shilingi 100,000 mwezi mmoja tu, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, umetozwa shilingi 3,000 kwa ajili ya pointi zenye thamani ya shilingi 1,100.

Kuna na jambo la dini, ambalo video hazilitaji. Wengi wetu tunapofikiria safari ya ndege tunafikiria Umra, na mkataba wa kadi ya mkopo kwa kawaida huwa na sharti la riba kwa anayechelewa. Wapo wanaosema hakuna ubaya ukilipa kwa wakati, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh cha mwaka 2000, lilikataza kadi yenye sharti hilo hata kama mwenye nayo amenuia kulipa ndani ya muda. Mimi si mwanachuoni. Nilirudisha kadi kwa sababu ya hesabu, na hoja hii ikanirahisishia.

Tunachokiacha ni maili za kiti. Mipango hii ya zawadi za safari haikuanza na benki: American Airlines ilipoanzisha wake mwaka 1981, ilikuwa ikimtunza anayepanda ndege. Hadi leo kujiandikisha kwa kawaida ni bure, hakuhitaji mkopo wala benki, na kampuni nyingi humruhusu mwanachama kudai maili za safari aliyokwisha kuifanya, mradi jina lilingane na la pasipoti na muda wa kudai usiwe umepita. Maili huisha muda, na kampuni inaweza kuongeza idadi inayohitajika kwa tikiti ile ile, hivyo si mali ya kulimbikiza.

Shangazi yangu alirudi kutoka Umra bila kujua lolote kuhusu maili. Tuliketi barazani na mkoba wake, tukatafuta karatasi za kupandia ndege kati ya tasbihi na risiti za Madina, nikamwandikisha kwa simu yangu. Maili za safari ya kwenda ziliingia baada ya wiki tatu. Za kurudi tulizikosa, kwa sababu karatasi yake alikuwa ameiandikia nambari ya simu nyuma, akampa mwenzake wa safari kutoka Malindi.