Upelelezi haujakamilika: tuwasomeshe askari au tuwanunulie gari?

Ukikaa asubuhi moja kwenye benchi la Mahakama ya Kisutu utaisikia kauli hii kabla jua halijawa kali: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anafungua kalenda, anataja tarehe, mshtakiwa anarudi kwenye karandinga. Mfanyabiashara James Rugemalira alifikishwa hapo Juni 2017 pamoja na Harbinder Sethi katika kesi iliyotokana na sakata la Escrow, lile la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Alitoka Septemba 2021, baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuiondoa kesi upande wake. Miaka minne na ushee, na kesi haikuwahi kufika hatua ya kusikilizwa. Huyo alikuwa na mawakili na waandishi wa habari nyuma yake. Kijana wa bodaboda aliyeunganishwa kwenye kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha hana hata mmoja.

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huohuo, na moja ya mapendekezo yake makubwa ni kuwa na chombo cha upelelezi kinachojitegemea, nje ya polisi. Tangu hapo mjadala umegawanyika. Wapo wanaosema askari wetu hawajafundwa, na wapo wanaosema wamefundwa vya kutosha ila wametumwa vitani mikono mitupu.

Wa kwanza wana ushahidi mzito, tena unatoka Mahakama ya Rufani. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake iliyoamuliwa 2009, Mahakama ilieleza kwamba kielelezo, yaani kitu kinacholetwa mahakamani kama ushahidi, lazima kiwe na kumbukumbu za maandishi zenye mtiririko: nani alikikamata, nani alikitunza, kilipita kwa nani, kilipimwa wapi, kikaishia wapi. Baadaye Mahakama ililegeza kidogo kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa au kuchezewa, lakini kwa kete za dawa za kulevya mnyororo huo bado ni roho ya kesi. Sasa jiulize, kuandika jina, saa na sahihi kunahitaji bajeti gani? Kalamu na daftari. Hali ni hiyohiyo kwa maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa mwenyewe yanayoandikwa na polisi baada ya kumwonya, ambayo kimsingi huchukuliwa ndani ya saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Maelezo mangapi yametupwa kwa sababu askari alianza kuandika saa ya sita tangu kumkamata mtu, bila kibali cha kuongeza muda! Na utambuzi wa usiku: tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980 inajulikana kwamba shahidi aulizwe taa ilikuwa na mwanga kiasi gani, alikuwa umbali gani, alimtazama mtu kwa muda gani. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado tunasoma maelezo ya shahidi yasemayo tu "nilimtambua kwa kuwa namfahamu".

Hapa niongeze jambo ambalo sijasikia likisemwa sana. Hukumu hizo zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Askari anaandika maelezo kwa Kiswahili, anahoji kwa Kiswahili, anaota kwa Kiswahili, halafu tunamlaumu kwa kutosoma uamuzi wa kurasa 20 wenye Kiingereza cha majaji. Sheria ilirekebishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hazina ya miongo iliyopita bado imefungwa kwenye kabati la lugha nyingine.

Kundi la pili nalo halisemi uongo. Aliyewahi kuripoti wizi kwenye kituo cha mbali na mji anajua swali litakalofuata: una usafiri? Mlalamikaji anatoa mafuta, anamnunulia mpelelezi vocha, wakati mwingine anamtafuta mtuhumiwa mwenyewe. Sampuli nayo haijipeleki kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lazima ifungwe, isindikizwe na askari, na askari huyo ale na alale huko. Kama posho haipo, bahasha inakaa kwenye droo ya kituo, na huko mahakamani upelelezi "haujakamilika". Mfundishe mtu huyo miaka miwili kwenye vyuo vya polisi vya Moshi au Kurasini, droo itabaki droo.

Kwa hiyo pande zote mbili ziko sahihi, na hilo ndilo linalonitia shaka. Mafunzo na vifaa vyote vinatua kwenye kituo ambako kuchelewa hakumgharimu mtu yeyote isipokuwa aliye mahabusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka kikomo cha siku 60 za kuahirisha kesi upelelezi ukiendelea, kisha inafungua mlango wa kuongezewa muda kwa hati: ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, ya wakili wa serikali, hatimaye ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kesi ikifutwa kwa kukosa hati, mtu anaweza kushtakiwa upya, na tumeona watu wakikamatwa tena hata hawajavuka geti la mahakama. Kwa makosa yasiyo na dhamana, ya kile kifungu kilichozoeleka kama 148(5), kila wiki ya uzembe wa mpelelezi ni wiki ya kifungo kwa asiyehukumiwa. Kesi zinazosubiri Mahakama Kuu ndiyo balaa zaidi. Marekebisho ya 2022 yalikataza kufungua kesi kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yakaachwa nje, na huko ndiko watu wanakoozea.

Najua jibu la wapelelezi, na ni jibu la haki: ukibana muda bila kuongeza uwezo, mpelelezi atatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato kongwe kuliko zote ni kumbana mtuhumiwa akiri. Au mshukiwa wa mauaji ataachiwa arudi kijijini alikoacha mashahidi. Hofu hiyo siidharau. Ndiyo sababu nisingeanza kwa kubana kila kitu kwa siku moja.

Ningeanza na fedha ya safari za sampuli, itolewe kwenye fungu lake lenyewe lisiloguswa kununulia mafuta ya msafara wa kiongozi. Ningetafsiri hukumu 30 hivi za msingi, kila moja kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, zibandikwe kwenye chumba cha mahojiano. Mtunza vielelezo asihamishwe hadi akabidhi daftari lake kwa sahihi. Wakufunzi wa Moshi na wale wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto wafundishe darasa moja, kwa sababu leo askari na hakimu hufahamiana kizimbani, mmoja akijikanyaga, mwingine akiandika. Hayo yakishafanyika, mpelelezi akija na kauli ileile kwa mara ya tano, hakimu awe na haki ya kumuuliza kwa jina: umefanya nini tangu tarehe iliyopita? Na jibu liandikwe kwenye jalada.