Ukienda kutolewa kizazi, usiseme "toeni vyote"

Mwanamke akiandikiwa upasuaji wa kutoa kizazi, mara nyingi swali analoulizwa ni moja tu: umekubali? Akisema ndiyo, anapewa fomu, anatia sahihi au dole gumba, kisha anaambiwa aje na ndugu wa kuchangia damu. Na huku Kigoma kuna jibu linalotoka haraka, likitolewa na mgonjwa mwenyewe au shemeji aliyemsindikiza: "Kama mnatoa, toeni vyote, tusije tukarudi." Najua linakotoka. Mtu aliyepanda boti Mwamgongo akashukia Kibirizi, au aliyekaa kwenye basi tangu Kakonko, hana hamu ya safari ya pili. Lakini "vyote" hivyo ni viungo vya aina nne: mfuko wenyewe, mlango wake, mirija miwili, na ovari mbili, yaani viungo vinavyotoa mayai. Kila kimoja kina sababu zake za kutoka au kubaki, na sababu hizo hazifanani.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 50, anayetolewa kizazi kwa faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) au damu isiyokatika, na hana saratani: ovari zibaki, mirija itoke, na mlango wa kizazi, kwa mazingira yetu, utoke pia, isipokuwa kama kuutoa kuna hatari kubwa kuliko kuuacha. Saratani ikishathibitishwa, habari inabadilika yote. Saratani ya mfuko wa uzazi, kwa mfano, kwa kawaida huondoka na mirija na ovari zote mbili.

Tuanze na ovari, maana hapo ndipo watu wanapopoteza kingi bila kujua. Ovari hazipo kwa ajili ya mimba peke yake. Ndizo zinazotoa estrojeni, homoni inayolinda mifupa, mishipa ya damu, usingizi na unyevu wa uke. Mwanamke wa miaka 41 akitolewa ovari zote mbili leo asubuhi, anaingia komahedhi leo hiyo hiyo. Ile ya kawaida huja polepole, kwa miaka kadhaa, na mwili unapata muda wa kuzoea. Hii ya kisu haimsubiri mtu: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukosa usingizi, uke kukauka hadi tendo la ndoa liume. Hayo yanaonekana. Yasiyoonekana ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mifupa hupoteza uimara kwa kasi katika miaka ya mwanzo, na hatari ya magonjwa ya moyo hupanda.

Uchunguzi mkubwa wa wauguzi wa Marekani, uliofuatilia wanawake zaidi ya 29,000 waliotolewa kizazi kwa sababu zisizo saratani na kutoa matokeo mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliotolewa na ovari walipata saratani ya ovari na ya matiti kwa uchache zaidi, lakini kwa jumla walikufa zaidi, hasa kwa moyo. Walioumia zaidi ni wale waliotolewa kabla ya miaka 50 na hawakutumia homoni za kufidia.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachonifanya niwe mkali. Katika nchi ambako estrojeni inapatikana kila duka la dawa, daktari anaweza kusema tutoe, utameza kidonge. Anayekubali msimamo huo hapa Kigoma anahitaji kidonge hicho kila siku hadi afike kama miaka 50 au 51, umri ambao ovari zake zingekoma zenyewe. Kwa mwenye miaka 41 hiyo ni miaka kumi. Kabla ya kukubali, nenda kwanza duka la dawa la Mwanga, uliza wanayo, inauzwa shilingi ngapi kwa mwezi, na mwezi ujao itakuwepo? Jibu utakalopata liingie kwenye uamuzi wako. Na tafadhali, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu si mbadala. Haina estrojeni, na yenyewe hupunguza uimara wa mifupa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa, waendelee kuliwa, ila dagaa nao hawarudishi homoni.

Hoja ya upande wa pili ni hofu ya saratani ya ovari, nayo si hofu ya kupuuza, kwa sababu saratani hiyo hujificha na haina kipimo kizuri cha kuikamata mapema. Hata hivyo, kwa takwimu za nchi za Magharibi, inampata mwanamke kama 1 kati ya 70 hadi 80 katika maisha yake yote. Wapo ambao kwao hesabu ni nyingine kabisa: wenye kasoro ya kurithi kwenye kinasaba kiitwacho BRCA1, ambao kati yao kama 4 katika kila 10 huipata. Kipimo cha vinasaba si rahisi kukipata, basi kinachobaki ni historia ya ukoo. Mama, dada, shangazi, bibi: yupo aliyekufa kwa tumbo kujaa maji likaambiwa ni saratani? Yupo aliyeugua saratani ya titi kabla ya miaka 50? Wakiwa wawili watatu wa upande mmoja, mwambie daktari kabla hajapanga tarehe, maana wewe unaweza kuwa miongoni mwa wachache ambao kutoa ovari kunawafaa.

Ovari moja ikiwa na ugonjwa, itoke hiyo moja. Moja iliyobaki inatosha kutoa homoni. Kifuko cha maji cha kawaida kinaweza kuondolewa na ovari ikaachwa. Mwenye endometriosisi kali (utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake) afikirie zaidi, kwa kuwa ovari zikibaki maumivu yanaweza kurudi. Kwa aliyepita miaka 65 faida ya kuziacha ni ndogo, na hao wa katikati, kati ya 50 na 65, hata mabingwa hawajakubaliana, ingawa mimi ningeziacha kama ni nzima.

Jambo moja huwa halisemwi: hata ovari zikibaki, komahedhi inaweza kuwahi kwa miaka kadhaa. Ovari hupata damu kutoka pande mbili, mshipa wake wenyewe unaoshuka kutoka mshipa mkuu wa tumboni, na tawi la mshipa wa kizazi. Kizazi kikitoka, hilo tawi la pili linakatwa. Na kwa sababu hakuna tena hedhi ya kukuonyesha, dalili zikianza ukiwa na miaka 46 usiambiwe ni malaria.

Mirija haina ubishi mwingi. Kizazi kikishatoka, mirija haina kazi, na aina ya saratani ya ovari inayoua wengi imegundulika kuwa mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija, ile yenye vidole vinavyogusa ovari. Kuitoa huongeza dakika chache tu. Mambo mawili yanaharibika hapo. La kwanza, kisu kikienda mbali na mrija, kinaweza kugusa mishipa inayolisha ovari. Kinatakiwa kiambae mrija wenyewe. La pili, ncha kuachwa imegandamana na ovari, halafu ikaandikwa kwamba mirija imetolewa, wakati sehemu yenye hatari ndiyo iliyobaki. Aliyewahi kufunga kizazi naye amwambie daktari: kufunga hukata mrija katikati, ncha bado ipo.

Mlango wa kizazi ndio unaohitaji mazungumzo. Kuna imani kwamba ukitolewa, mwanamke anakuwa "baridi" na mume atahama. Tafiti zilizolinganisha waliobakishiwa na waliotolewa hazikuona tofauti kwenye hamu, utamu wa tendo wala kuvuja mkojo. Tofauti za kweli ni nyingine. Kuuacha hufanya upasuaji uwe mfupi na damu ipotee kidogo. Lakini baadhi ya waliobakishiwa huendelea kuona matone ya damu kila mwezi, kwani utando kidogo hubaki juu ya mlango, na mtu aliyelipia upasuaji ili damu ikome hafurahi. Zaidi ya hapo, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ukibaki nao, unabaki na wajibu wa kupima: kile kipimo cha kupaka asidi hafifu ya aina ya siki na kutazama kama pana weupe, au kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kwa miaka yote inayofuata. Wangapi watarudi? Mwanamke wa kijiji cha mwambao ambaye ameshaambiwa "kizazi kimetoka" hajioni kama mtu wa kupima mlango wa kizazi. Na saratani ikitokea kwenye kisiki kilichobaki, matibabu ni magumu zaidi, kwa sababu mionzi ya ndani hupitishiwa kwenye kizazi ambacho hakipo tena. Mionzi yenyewe ni safari ndefu, kwa mfano mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Ndiyo maana nasema utoke. Isipokuwa: kama ulijifungua kwa upasuaji mara mbili tatu, kibofu kinaweza kuwa kimegandamana na sehemu ya chini ya kizazi. Kufikia mlango lazima kibofu kisukumwe chini, na mrija wa mkojo kutoka kwenye figo unapita chini ya mshipa wa kizazi, kama sentimita 2 tu kutoka kwenye mlango. Hapo ndipo unapofungwa au kukatwa kwa bahati mbaya, na mwanamke akatoka wodini akivuja mkojo. Daktari akifika pale akakuta kovu gumu, akaamua kuishia juu ya mlango, amekufanyia wema. Ila akuambie. Na hakuna sababu ya kumwachia mtu mlango ambao haukupimwa kabla ya upasuaji; kipimo hicho kifanyike wiki kadhaa kabla, pamoja na ultrasaundi, wingi wa damu na, kwa mwenye zaidi ya miaka 45 anayetoka damu ovyo, kipimo cha nyama ya ndani ya kizazi.

Wengine hawapati nafasi ya kuchagua. Kizazi kimepasuka wakati wa uchungu, au damu baada ya kujifungua imegoma: hapo daktari anaokoa maisha, na mara nyingi huacha mlango kwa kuwa kila dakika ina maana. Wengi wa kina mama hawa huondoka wakijua tu kwamba hawatazaa tena. Hakuna aliyewaambia kwamba mlango upo na unahitaji kupimwa.

Kwa aliye na muda, maamuzi yakamilike kabla ya chumba cha upasuaji. Kumuuliza mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, tumbo wazi, "mama, tutoe na ovari?" si kuuliza. Mwombe daktari aandike kwenye fomu ya ridhaa, kabla ya sahihi yako, sentensi ya namna hii: "Naridhia kutolewa kizazi pamoja na mlango wake na mirija yote miwili. Ovari zote mbili zibaki, isipokuwa itakayokutwa na ugonjwa unaoonekana." Mtu mzima mwenye akili timamu husaini mwenyewe. Mume anaweza kushauri. Ovari si zake.

Kuna swali ambalo kina mama huliuliza kwa sauti ya chini: ovari zikibaki na kizazi hakipo, damu itakwenda wapi? Haiendi popote, kwa sababu haitengenezwi. Damu ya hedhi ni utando wa ndani ya mfuko unaobomoka. Mfuko haupo, utando haupo. Na yai dogo linalotoka hunyonywa na mwili.

Baada ya upasuaji, wiki 6 bila tendo la ndoa na bila kubeba mzigo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo ni marufuku, na kukamua mawese kusubiri. Aliyetolewa mlango ana mshono juu ya uke, na mshono huo unaweza kuachia.

Kilichotolewa kisitupwe. Kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya maji inayozuia nyama kuoza, kama mara kumi ya ujazo wake, kipelekwe maabara kwa kipimo cha nyama hata kama daktari ana uhakika ni faibroidi, na ulizia majibu mpaka uyaone. Mwisho ni karatasi ya kuruhusiwa. TAH maana yake kizazi kimetoka na mlango wake. Ikiandikwa subtotal, mlango upo. BS ni mirija yote miwili peke yake. BSO ni mirija na ovari zote mbili, na kama ulikubaliana ovari zibaki halafu ukaona herufi hizo, uliza hapo hapo kabla hujatoka wodini: zilikutwa na nini? Karatasi hiyo ipige picha kwa simu, umtumie na mtoto au dada yako, kwa sababu karatasi hulowa na muuguzi atakayekupokea miaka minane ijayo hataweza kukisia ulichobakiwa nacho.