Mkataba mpya sawa, lakini Leafs je?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema mkataba mpya wa kazi kati ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, na chama cha wachezaji, utakaofika hadi 2030, ni habari njema kwa mashabiki wa hoki ya barafuni. Ni njema kweli, maana tumeumia sana. Msimu wa 2004-05 wamiliki wa klabu waliwafungia wachezaji milango wasicheze, msimu mzima ukafutwa na Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, halikutolewa. Hadi leo kuna watu wanaouita mzozo ule mgomo. Wachezaji hawakugoma! Mwaka 2012 wakafungiwa tena, tukaambulia mechi 48 kwa kila timu badala ya 82, na fungu la wachezaji katika mapato likashushwa kutoka asilimia 57 hadi 50. Sisi tunaokata tiketi nani alituuliza?

Ila mimi ni shabiki wa Toronto Maple Leafs, klabu ya NHL ya Kanada, na maelewano ya mezani hayaniletei kombe. La mwisho tulibeba 1967. Mei 2013, baada ya msimu ule uliokatwa, tuliongoza 4-1 dhidi ya Boston katika kipindi cha tatu, cha mwisho, cha mechi ya saba, ile ya kuamua nani asonge mbele, tukapigwa 5-4 katika muda wa nyongeza. Bado roho inaniuma.

Kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, kinabana, nakubali. Lakini wapinzani wetu Tampa Bay walikuwa na kikomo hicho hicho, wakabeba kombe 2020 na 2021. Wakuu wa klabu yetu wasijifiche nyuma ya mkataba. Watuletee mabeki wanaojua kulinda ushindi.