Wamepoteza Maisha, au Wameuawa na Nani?

Wanaoandika katika majarida ya kupinga vita wana lawama zao za kila siku, na lawama hizo hazijabadilika sana kwa miaka mia. Kwamba wanawahubiria waumini. Kwamba mvamizi hasomi jarida lao, kwa hiyo anayelegezwa ni yule anayejitetea. Kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga, na anayeandika vinginevyo anawadanganya watoto wa watu. Maneno haya hayatoki kwa wapenda vita peke yao. Mengine yameandikwa na watu makini, na moja kati yake naikubali, nitaifikia. Ila naona wengi wanaolaumu hawajawahi kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Wanadhani ni kuandika kwamba amani ni nzuri na vita ni vibaya.

Chukua sentensi hii, ambayo msomaji wa habari anakutana nayo karibu kila juma: "Watu 12 wamepoteza maisha baada ya mapigano kuzuka." Mtu hupoteza funguo, hupoteza njia. Maisha ya hao 12 hayakuwaponyoka mkononi. Kuna mtu aliyeyatoa. Na mapigano hayazuki yenyewe: kuna aliyetoa amri, kuna aliyebeba silaha, kuna aliyeiuza, na mara nyingi mkataba wa mauzo upo kwenye faili. Mwandishi akipeleka sentensi kama hiyo kwa mhariri wa jarida la kupinga vita anayeijua kazi yake, inarudi na wino mwekundu. Nani alifyatua? Kwa silaha gani? Imetoka wapi? Nani alikuwa anajua kwamba pale pana shule? Akiigeuza ikawa "wameuawa", bado haijaisha, kwa sababu Kiswahili kinaturuhusu kusema "wameuawa" kisha tukanyamaza, bila kufika kwenye lile "na" linalomtaja muuaji. Hata msemo wetu kwamba vita havina macho, ambao ni kweli tupu kwa mama anayekimbia na mtoto mgongoni, unamfichia mengi yule aliyekaa mbele ya skrini akiitazama shabaha yake kwa dakika kadhaa kabla ya kubonyeza. Yeye macho alikuwa nayo.

Kumtafuta huyo wa baada ya "na" ndiyo kazi. Amani inahubiriwa kote, misikitini, makanisani na bungeni. Anayemtafuta mtendaji hadi kwenye daftari la mahesabu ni nadra.

Serikali zimeielewa kazi hii kuliko wakosoaji wake. Makala iliyomponza Carl von Ossietzky, mhariri wa jarida la Die Weltbühne mjini Berlin, haikuwa na wito wa amani wala machozi. Ilitoka Machi 1929, imeandikwa na Walter Kreiser, mtu aliyeyajua mambo ya ndege, na ilikuwa inafuatilia fedha za umma. Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliikataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga. Makala ilionyesha jinsi jeshi hilo lilivyokuwa likijengwa kwa siri chini ya vitengo vilivyopewa sura ya kiraia. Novemba 1931 wote wawili walihukumiwa miezi 18 jela kwa kusaliti nchi na kutoa siri. Kreiser alihama nchi. Ossietzky alibaki, na Mei 1932 akaenda jela kwa miguu yake. Alitoka kwa msamaha mwezi Desemba, akakamatwa tena Februari 1933 baada ya Wanazi kushika madaraka, akapelekwa kwenye kambi za mateso. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1935 akiwa bado mikononi mwao, akafa kwa kifua kikuu Mei 1938 chini ya ulinzi wa polisi, umri miaka 48. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ndege za jeshi lile ambalo makala yake ilikuwa imelibaini likiwa bado changa zilikuwa zimeupiga mji wa Guernica huko Hispania.

Mimi narudi mara kwa mara kwenye kisa hicho, kwa sababu kinajibu swali la nani hasa alikuwa ndotoni, mpinga vita au wale wanaomwita mwota ndoto. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell naye alifungwa miezi sita mwaka 1918 kwa makala moja katika The Tribunal, gazeti la Waingereza waliokataa kuandikishwa jeshini. Mwaka huohuo polisi waliuvunja mtambo uliokuwa ukilichapa, nalo likaendelea kuchapwa mafichoni.

Kuhusu kuwahubiria waumini sina maneno mengi. Gazeti la Catholic Worker, lililoanzishwa New York mwaka 1933 na Dorothy Day na Peter Maurin na kuuzwa senti moja, lilikuwa limefikia karibu nakala 190,000 mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili vilipokuja likakataa kuviunga mkono, likapungua hadi kama nakala 50,000. Waumini wenyewe walikuwa wanaambiwa wasichotaka kusikia, wakaondoka.

Sasa lawama ninayoikubali. Haihusu usaliti. Hiyo ya usaliti aliyeisema kwa ukali zaidi ni mwandishi Mwingereza George Orwell, mwaka 1942: kwamba mpinga vita, apende asipende, anamsaidia Mfashisti. Desemba 1944 Orwell huyohuyo aliandika kwamba hoja ya namna hiyo si ya kweli, kwa kuwa inapuuza nia ya mtu. Lawama nzito ni nyingine. Katika miaka ya 1930 baadhi ya waandishi wa majarida ya amani, wakiwemo wa Peace News iliyoanza London mwaka 1936, walikuwa wamechomwa sana na uongo wa propaganda ya vita vilivyotangulia hata wakashusha uzito wa alichokuwa akikitenda Hitler. Waliandika kuhusu manung'uniko ya Ujerumani, ambayo mengine yalikuwa ya haki, wakapita haraka juu ya wale waliokuwa wakipigwa barabarani na kufungiwa kambini. Wakatumia maneno ambayo hadi leo yanatuponyoka kalamuni: "pande zote mbili".

Nayachukia maneno hayo yanapotumiwa bila kazi. Wakati mwingine ni sahihi, pande zote mbili zimeua, na mwandishi anayo orodha ya kila upande. Lakini mara nyingi huwekwa ili mwandishi asionekane ana upande, na hapo yanafanya kosa lilelile la "mapigano yamezuka": yanamficha mtendaji. Anayelala kitandani kwake na anayekuja usiku kuvunja mlango hawawi pande mbili kwa sababu tu wote wana mikono. Jarida la amani lisiloweza kuandika "huyu ndiye aliyevamia" limeacha kazi yake, na wakosoaji wana haki ya kulisema.

Hata hivyo kulitaja kosa la adui hakukufungi mdomo juu ya kosa la nchi yako, na mfano wake ni Vera Brittain, mwandishi Mwingereza. Alikuwa amewauguza majeruhi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mchumba wake na mdogo wake wa kiume waliuawa humo. Mwaka 1944 jarida la Fellowship la Marekani lilichapisha maandishi yake kuhusu ndege za Uingereza na washirika wake zilivyokuwa zikiteketeza miji ya Ujerumani usiku, nyumba kwa nyumba. Hakuandika kwamba vita ni vibaya. Alikusanya taarifa za magazeti, zikiwemo za nchi zisizofungamana na upande, akazipanga mji baada ya mji. Alishambuliwa kila kona, akaambiwa anawatetea Wanazi. Vita vilipokwisha ikapatikana orodha ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ya watu zaidi ya 2,000 waliotakiwa kukamatwa mara tu Ujerumani itakapoiteka Uingereza. Jina lake lilikuwamo.

Kuna takwimu ambayo kila jarida la amani limewahi kuichapa, nami ninaipenda, ndiyo maana inanisumbua. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walizipitia kampeni 323 za kati ya 1900 na 2006, za kuangusha tawala au kuwaondoa wageni walioikalia nchi. Zilizotumia mbinu zisizo za silaha zilifaulu kwa asilimia 53. Za silaha, asilimia 26. Waandishi wetu huandika "mara mbili" na kuweka nukta. Lakini 53 maana yake ni kwamba karibu nusu hazikufika zilikokuwa zikienda, na nyuma ya hiyo nusu kuna watu waliopigwa risasi wakiwa na mabango. Tena hesabu hiyo ni ya watu na watawala wao. Haikupima vifaru vinavyovuka mpaka kati ya dola na dola. Anayeitoa kumjibu mtu ambaye mji wake umezingirwa anamjibu swali ambalo hakuuliza. Na Chenoweth mwenyewe ameonyesha kwamba tangu 2010 mambo yamekuwa magumu zaidi: zisizo za silaha zimeshuka chini ya asilimia 34.

Za silaha katika kipindi hicho zimeshuka hadi kama asilimia 8. Takwimu hiyo ya silaha wakosoaji huiacha, kama vile sisi tunavyoiacha ile ya zisizo za silaha. Watawala wamejifunza kuvunja harakati za aina zote, lakini kwa uwiano bunduki ndiyo iliyopoteza zaidi. Sababu yenyewe ndiyo ingestahili kurasa nyingi kuliko asilimia: kampeni ya silaha inawataka vijana wachache wenye nguvu, ilhali mgomo unampokea bibi, mlemavu, mwenye duka, karani. Wastani wa washiriki wa kampeni zisizo za silaha katika utafiti ule ulizidi 200,000, kama 150,000 zaidi ya zile za silaha. Na askari akiambiwa afyatue kundi ambamo anaweza kuwamo shangazi yake, mkono unasita. Mwandishi aende huko, aulize mgomo ule ulilishwa na nani, mishahara ilipokatwa kodi ya nyumba ililipwaje, askari wa kwanza kukataa alikuwa nani. Hayo ndiyo maarifa ambayo mtu aliye taabuni anaweza kuyatumia.

Kisa cha namna hiyo kinachopendwa ni cha walimu wa Norway. Februari 1942 serikali ya Quisling, iliyotawala chini ya Wajerumani, iliamuru walimu wote waingie katika chama kipya cha Kinazi. Zaidi ya 8,000 waliandika barua ya kukataa, maneno yaleyale, kila mmoja akatia jina na sahihi yake. Zaidi ya 1,000 walikamatwa; mamia wakapelekwa Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanya kazi za sulubu kwenye baridi. Hawakuvunjika. Kufikia Novemba walikuwa wamerudishwa makwao na mpango wa Quisling umekufa. Ni kisa cha kweli, na kila kijana anayedhani kalamu ni kitu kidogo angestahili kukisoma.

Lakini makala nyingi huishia kwenye kurudi kwa walimu. Alfajiri ya tarehe 26 ya Novemba hiyohiyo, mjini Oslo, watu waliokuwa wamevaa sare waligonga milango, wakazitumia teksi zipatazo 100 kubeba familia hadi bandarini. Meli ya Donau iliondoka siku hiyo na Wayahudi zaidi ya 500, wanawake, wazee na watoto wakiwemo, na karibu wote waliuawa na Wanazi kwenye kambi ya Auschwitz. Makala iliyo kamili ingebeba barua za walimu na teksi hizo katika ukurasa mmoja, na isingeandika tu kwamba Wayahudi "walikamatwa". Waliogonga milango walikuwa polisi wa Norway.